Harufu ya Jani Bichi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mapipa mawili leo. La kwanza zuri. La pili limeungua chini kwa sababu nilienda kufukuza mbuzi na moto ukapanda. Mafuta yake yananuka sufuria. Nimeyamwaga.

Daftari hili lilikuwa la kuandika majani tu. Kilo ngapi, saa ngapi, chupa ngapi. Siku hizi naandika kila kitu. Hakuna wa kusoma. Baba Mwende hana habari na madaftari, na Mwende mwenyewe yuko chuo Kitui.

Mnunuzi wa Nairobi amepiga simu tena. Anataka harufu ya kijani. Mara ya kwanza aliposema hivyo nilicheka, nikajiuliza tangu lini harufu ikawa na rangi. Sasa namwelewa. Hataki harufu ya limau, limau kila mtu analijua. Anataka ile ya jani la mlimau likivunjwa pamoja na kijiti chake, likiwa bado bichi. Haidumu. Jani likinyauka linanuka nyasi kavu, na chupa nzima imeharibika. Kwa hivyo nachuma umande ukishakauka na napika siku hiyo hiyo. Miiba imenichana mpaka kwenye viwiko.

Mvuke unapita kwenye bomba la shaba, unaingia kwenye ndoo ya maji baridi, unatoka matone. Mafuta yanaelea juu. Nayavuta kwa sindano ya hospitali. Pipa zima la majani, na chupa haifiki shingoni.

Harufu haitoki mikononi. Hata ugali wangu unanuka jani.

Jumanne, 7 Oktoba

Baba Mwende amesema tena nisogeze pipa mbali na mizinga. Nimemuuliza kwa nini. Amesema sogeza tu. Nimeuliza tena. Amesema mambo ya mizinga si ya wanawake.

Basi. Miaka ishirini na mmoja nimeolewa hapa, asali nakula, mizinga siijui. Kwetu Kitui baba alikuwa na duka, nyuki tuliwaona kwenye soda tu. Hapa wanaume wakienda kuitundika kwenye migunga, mimi naambiwa nibaki jikoni. Mzee, baba mkwe wangu, ndiye aliyekuwa bingwa wao, kabla hajaanguka. Alikuwa anajua kuwaita nyuki waingie mzinga mtupu. Kwa nini waje kwake na si kwa jirani, hakuna aliyeniambia.

Pipa sijalisogeza. Kulisogeza ni kubeba maji hatua mia zaidi. Atakayebeba ni mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kuna joto baya. Migunga imetoa maua na mvua bado. Nyuki wamezidi. Wanakuja kwenye ndoo yangu, nadhani wanatafuta maji. Nimewawekea sahani yao na kijiti cha kukanyagia.

Mzee amechafua kitanda mara mbili. Baba Mwende amemwosha asubuhi, na jioni tena. Mimi siwezi. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hamwoni kifua, hakai kwenye kitanda chake. Ni nthoni, na kwa nthoni Mzee ni mkali hata sasa, upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa na maneno yamebaki machache. Chakula nakiweka kwenye stuli, nageuza uso, natoka.

Lakini pua haina nthoni. Chumba kile kinanuka. Nimechoka nacho. Nimeandika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Kanini ametuma ujumbe. Wanawake wa kanisa wanakuja kesho saa nne kumwombea Mzee. Wao wote.

Kesho! Na kesho Baba Mwende anaondoka alfajiri kwenda Sultan Hamud, fundi amemaliza kuchomelea kifuniko cha pipa. Nimemwambia aahirishe. Amesema atamwosha Mzee kabla ya kuondoka, atarudi saa sita.

Mama Kanini ni mwenyekiti wa wanawake. Marashi yake yanafika mlangoni kabla yake na yanabaki akishaondoka. Binti yake ndiye humnunulia. Mwezi uliopita alinikumbatia baada ya ibada, akaniuliza kama huwa napika kwa kuni. Mbele ya watu. Simpendi. Naomba Mungu anisaidie lakini simpendi.

Jumamosi, 11 Oktoba. Asubuhi

Saa tatu na dakika kumi. Nina dakika chache.

Baba Mwende alimwosha, akaondoka. Saa mbili Mzee akachafua tena. Harufu ikafika sebuleni. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Kisha nikaingia.

Nilimwambia nisamehe. Nikafunga mkono kitambaa ili isiwe ni mimi ninayemgusa. Nikamfuta. Nikambadilisha. Sikutazama, na mahali nilipotazama nitapasahau. Harufu haikuisha. Basi nikachukua chupa ya mafuta ya jana, nikachanganya na mafuta ya mgando, nikampaka kifuani, shingoni, magotini. Nikanyunyizia na blanketi.

Si huruma. Ni aibu. Sikutaka Mama Kanini azibe pua nyumbani kwangu.

Mzee alivuta pumzi ndefu. Akasema maneno matatu, ambayo kwake ni mengi. "Hii ya mizinga." Akasema tena. Nikamwambia ndiyo Mzee, mizinga iko salama. Akatikisa kichwa. Nadhani anaota zamani zake.

Nimemtoa nje kwenye kiti chake, juani, pale karibu na pipa palipo wazi. Amekaa vizuri. Ananukia kama kitu kipya. Najivunia, sitaficha.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee hayuko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nyumba imejaa watu. Nimejificha kwenye ghala nikisema natafuta mahindi.

Naandika ilivyokuwa, kabla maneno ya watu hayajaingia kichwani nikayaamini.

Walikuja tisa. Waliimba. Mama Kanini alikuwa mbele, na marashi yake. Nyuki mmoja akatua kwenye kola ya Mzee. Nikampeperusha. Wakaja watatu. Mzee akatabasamu kwa upande ule unaoweza. Kisha tukasikia sauti upande wa migunga, na hewa ikawa na doa, doa likaja. Kundi zima, wale wanaohama kutafuta makao.

Wanawake walitawanyika. Wengine ghalani, wengine sebuleni, mmoja chooni. Nyuki wakatua kifuani kwa Mzee. Blanketi likawa jeusi, linatembea.

Hawakumuuma. Hili ndilo naapa. Hawakumuuma. Alikaa kimya, akainua mkono wa kushoto polepole, kiganja kikinielekea. Ngoja. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona miaka yote ya kumpikia. Angeweza kukaa hivyo mpaka jioni, kundi lingeondoka lenyewe.

Mmoja akatembea kwenye mdomo wake.

Nikavua leso nikapiga. Nikapiga tena. Mimi. Wengine wote walikuwa wamefunga milango, hakuna aliyeona.

Ndipo wakageuka. Nikakimbia. Niliingia jikoni nikafunga mlango, na nikauegemea.

Aliyerudi ni Mama Kanini. Alichukua gunia, akamfunika Mzee, akaburuta kiti mpaka ndani peke yake. Nilimwona kupitia dirisha. Alipiga kelele njia nzima lakini hakuachia kiti. Uso wake ulivimba mpaka macho yakapotea.

Mzee alipumua mpaka saa saba. Gari la hospitali kutoka Matiliku lilifika saa saba na nusu. Baba Mwende alilikuta langoni, yeye na kifuniko chake cha pipa mkononi.

Jumatano, 15 Oktoba

Wanapika uani, wanaongea. Sasa wote wanajua sababu. Ni marashi ya Mama Kanini. Nyuki hawapendi marashi, hata Mzee mwenyewe alikuwa hakubali mtu aliyeoga kwa sabuni ya kunukia akaribie mizinga yake. Kwa hivyo ni yeye. Aliwaleta nyuki, akawakasirisha, wakamuua Mzee wa watu. Nani alianza kusema, sijui. Nimefika na sinia nikalikuta limeshakuwa neno la wote.

Nilisimama na sinia. Ningeweza kusema pale pale.

Nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Nikaenda kuosha vikombe.

Kitu kimoja hakinitoki. Blanketi la Mzee liko kwenye kamba tangu Jumapili, limefuliwa, limekauka. Sikulifua mimi. Nilimuuliza Mbithe, dada ya Baba Mwende, aliyekuja kutoka Mwingi. Amesema si yeye, atafua blanketi la marehemu ya nini wakati kuna mazishi ya kupanga. Labda mmoja wa wanawake. Nimelinusa pindo. Linanuka sabuni tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumemzika. Jua kali, hema halikutosha.

Mama Kanini alikuja. Uvimbe umeshuka lakini jicho moja bado nusu. Alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki cha mwisho, na pembeni yake viti viwili vitupu. Watu wamesimama juani na viti viwili vitupu. Hakuitwa kuomba, na yeye ndiye mwenyekiti.

Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Watu wakageuka kumtazama Mama Kanini. Akainamisha kichwa.

Alipita kutupa udongo. Nilisubiri yale marashi. Hakunukia kitu chochote.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo wameketi kugawa vitu vya Mzee. Koti kwa Baba Mwende. Redio kwa Mbithe. Fimbo kwa binamu yao wa Kathonzweni. Nilikuwa nikiwapa chai.

Mwisho ulitolewa mfuko wa ngozi, ule aliokuwa akiuvaa begani akienda kwenye mizinga. Sikuwahi kuuona wazi. Binamu akaufungua, akamimina mezani. Nta, kisu, kamba. Na majani makavu, mengi, yamekunjwa kwenye nta.

Harufu ikapanda. Hafifu, ya zamani, lakini naijua hata nikilala. Ni ya kwangu. Ni majani ya mlimau.

Binamu akacheka, akasema hii ndiyo siri ya Mzee. Alikuwa anasugua mzinga mtupu ndani kwa jani hili na nyuki wanafikiri wameitwa nyumbani. Ndivyo alivyosema. Wameitwa.

Baba Mwende aliyakusanya haraka, akayarudisha, akafunga mfuko. Hakunitazama. Nilimwaga chai kwenye mguu wa Mbithe.

Hii ya mizinga. Aliniambia. Maneno matatu, mara mbili, na nikamjibu kama mtoto.

Nilidhani dhambi yangu ni leso. Kumbe niliwaita mimi, nikampaka mimi, nikawapiga mimi. Mama Kanini hakufanya lolote isipokuwa kuburuta kiti.

Jumatano, 22 Oktoba

Sijapika majani. Sijala.

Nimekasirika pia, na nitaandika. Angeniambia. Neno moja. Usipike jani hilo karibu na mizinga, linaita nyuki. Nani angekufa kwa kujua? Wanaume wameficha jani, jani limeota nyuma ya nyumba yangu!

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwambia Baba Mwende.

Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nilisema yote bila kupumzika. Kitambaa, mafuta, kifua, leso, mlango wa jikoni. Nilingoja anipige au aondoke. Aliendelea kukwangua mpini.

Kisha akasema, "Mama Mwende, blanketi nilifua mimi."

Mwanaume huyu hajawahi kufua soksi. Jumapili ile, watu wakilia sebuleni, alichukua beseni akaenda nyuma ya choo akafua blanketi la baba yake kwa sabuni ya kipande mara tatu mpaka harufu ikatoka. Alinusa Jumamosi ile ile, alipoinama kumfunga baba yake macho. Kifua nacho alikiosha mwenyewe, kabla hawajampeleka mochari.

Nikamuuliza, na neno la marashi? Akasema, "Nilisema mimi. Mtu akaniuliza ni nini kiliwaleta. Ningesema nini?"

Nikasema nitaenda kwa Mama Kanini. Akaweka jembe chini. Akasema nikisema mafuta, wataniuliza yalifikaje kifuani. Wataniuliza mke wa mtoto alikuwa anafanya nini kifuani kwa baba mkwe. Hawatauliza juu ya nyuki tena. Watauliza hilo mpaka Mwende azeeke. Na kuhusu jani hakuniambia, akasema, kwa sababu na yeye alikatazwa kumwambia mke wake au mwanamke yeyote, na alikatazwa na huyo tuliyemzika.

Alisema, "Tuache hivyo." Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama Kanini hakuja kanisani. Katibu alisoma barua yake. Ameacha uenyekiti. Watu hawakuuliza kwa nini. Kisha jina langu likatajwa. Wanataka nimrithi, kwa sababu nimepitia mengi.

Nilisema nipewe muda wa kuomba.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeenda leo. Nilijiambia asubuhi, nikaoga, nikavaa. Kwake ni ng'ambo ya kijito, dakika ishirini. Nimefika langoni. Niliona kamba yake ya nguo, niliona mlango wake uko wazi. Alikuwa ndani, nilisikia akikohoa.

Nilikuwa na maneno. Niliyapanga njiani. Ni mimi, si wewe. Manne tu, hata Mzee angeweza kuyasema.

Mbwa akabweka. Nikageuka.

Niliporudi nilichuma majani. Pipa moja. Harufu nzuri kuliko zote mwaka huu, na hilo nalo limenikasirisha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimesogeza pipa. Hatua mia na arobaini. Nabeba maji.

Mnunuzi amesifu chupa ya mwisho. Amesema ukiifungua ni kana kwamba mtu amekata tawi mbele yako. Anataka mara mbili.

Baba Mwende anakaa mwisho wa meza siku hizi. Si kwa ubaya. Nikimpa sahani anabana pumzi kwanza, kama mtu anayeingia maji baridi. Nanawa kwa majivu. Haitoki.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua imeanza. Nyepesi. Udongo wa kaburi umeshuka katikati, Baba Mwende ameongeza mwingine.

Saa kumi Mama Kanini alikuja. Peke yake, ametembea kwenye tope. Alikuwa na kuku jike mweupe chini ya kwapa, miguu imefungwa. Baba Mwende alikuwa mlangoni. Alimwona, akaingia ndani.

Hakukubali kiti. Alisimama pale pale, karibu na palipokuwa na pipa. Jicho limebaki na kovu. Akasema amekuja kwa ajili ya Mzee. Kwamba alijua Mzee ni wa nyuki, kila mtu alijua, na bado alijipaka kwa sababu ya kiburi. Kwamba chupa ameitupa chooni, na binti yake amemkataza asilete nyingine. Halali. Anaona mkono wa Mzee ukitoka chini ya gunia. Akasema, "Nimeua mzee wa mtu, Mama Mwende. Kama unaweza, nisamehe. Na kama huwezi, nitaelewa."

Maneno yangu manne yalikuwa mdomoni. Niliyasikia kwenye meno. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, kiti kikasogea.

Nikamwambia nimekusamehe.

Alilia kwa sauti. Akanipa kuku. Akanikumbatia kwa nguvu, yule mama ambaye sikumpenda, na kwa mara ya kwanza nilimnusa mwenyewe. Jasho na sabuni ya kipande. Akabaki hivyo kidogo, pua yake kwenye shingo yangu. Kisha akasema nanukia vizuri, akauliza ni nini.

Nikamwambia ni majani tu.

Nimemsindikiza mpaka kijitoni. Nimerudi. Kuku nimemfungua miguu, nimemweka jikoni na mahindi kidogo. Bado hajala.